Kupima msisimko wa kingono maabara: ishara inapanda kabla filamu haijaanza, tatizo ni kifaa au ni mpango wetu?

Katubuka_Lab (Kigoma)

Habari za jioni wakuu. Tunaandaa andiko la utafiti hapa Kigoma kuhusu akina mama wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu na wanaosema hamu ya tendo imeshuka. Mpango ulivyo sasa: wanawake 30 walio kwenye sindano, na wengine 30 wasiotumia homoni yoyote. Kila mmoja, akiwa peke yake chumbani, anaangalia filamu fupi ya kawaida halafu filamu fupi ya mapenzi, huku fotopletismografu ya uke (kifaa cha mwanga kinachoingizwa ndani) ikirekodi damu inavyojaa. Mwishoni tunalinganisha wastani wa kundi hili na lile.

Bado hatujamgusa mshiriki yeyote na kibali hakijaombwa. Kifaa tumeazimwa pamoja na rekodi chache za zamani za kujifunzia, na hizo ndizo zinazotutatiza. Mstari wa kwanza unapanda taratibu kwa dakika kumi nzima kabla ya filamu yoyote. Mstari wa pili una mawimbi madogo yanayofuata mapigo ya moyo, ila katikati kuna miruko mikubwa ya ghafla inayofunika kila kitu. Kupanda huko ni msisimko, ni joto au ni ubovu? Miruko tuifute au tuiache? Na mwaka unaofuata tukiongeza wanaume wenye kisukari, kwao kifaa gani? Umeme wetu mnaujua, na joto la Septemba na Oktoba mnalijua pia.

Mwalimu_Cheyo (Tabora)

Mwangaluka. Nianze na mistari yako miwili, maana hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kifaa hicho kina umbo na ukubwa wa tamponi, cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Ndani kuna taa ya infraredi na kihisi cha mwanga. Taa inamulika ukuta wa uke, sehemu ya mwanga inarudi, kihisi kinapokea kilichorudi. Damu ikiongezeka kwenye mishipa midogo, mwanga unaorudi unabadilika. Muundo huu ulielezwa na Sintchak na Geer mwaka 1975, na hadi leo kazi yake ni ileile, ila balbu ndogo ya zamani imeipisha LED.

Kihisi hicho kimoja kinatoa ishara mbili. Ya kwanza ni jumla ya mwanga wote unaorudi, ile ya mkondo mnyoofu. Ya pili ni mtikisiko mdogo unaokuja na kila pigo la moyo, ile ya mkondo geu. Mstari wako unaopanda ni wa jumla. Unapanda kwa sababu plastiki, taa na kihisi vimetoka kwenye droo na sasa vinapata joto la mwili, na kwa sababu kifaa kinatafuta mkao wake. Ishara hiyo ya jumla haina sifuri ya kuaminika, kwa hiyo usiifanye kuwa kipimo chako kikuu. Chukua kimo cha kila wimbi la pigo, kutoka bonde hadi kilele. Laan na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba kimo hicho kinapanda kwa filamu ya mapenzi na hakipandi kwa filamu ya kutia hofu tu. Hiyo ndiyo sababu kinaaminiwa zaidi: moyo kwenda mbio kwa woga hautoshi kukipandisha.

Hata hivyo mpe mshiriki dakika 10 hadi 15 za kukaa kimya na kifaa kikiwa ndani kabla ya kurekodi chochote utakachokichambua. Kisha dakika 3 za filamu ya kawaida ziwe kiwango cha kuanzia.

Kuchukua ishara: mara 200 kwa sekunde inatosha na kubaki. Chuja kati ya hezi 0.5 na hezi 30. Ukomo wa juu unaondoa uvumi wa umeme wa hezi 50. Ukomo wa chini unaondoa kule kupanda kwa taratibu. Kuna wanaoinua ukomo wa chini hadi hezi 1 ili mstari upendeze. Msifanye hivyo. Mwanamke mwenye mapigo 50 kwa dakika ana hezi 0.83 tu, na kichujio kitakula sehemu kubwa ya wimbi lake ukadhani hakuitikia.

Miruko ni mwendo: kikohozi, kicheko, kubadili mkao, kukaza misuli ya nyonga. Ifuteni, lakini kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya kuona matokeo, na anayefuta asijue kipande kile ni cha filamu gani. Akijua, mkono wake utaegemea upande anaoutaka bila yeye kukusudia. Kata mruko pamoja na mapigo mawili kabla yake na mawili baada yake. Mimi kipande kikipoteza zaidi ya theluthi moja ningekiacha chote badala ya kukiokoa kwa hesabu.

Mkao wa kifaa una uzito kuliko ubora wa kikuza ishara. Fungeni kibao kidogo kwenye waya, sentimita 5 kutoka kwenye kihisi, ili kina kiwe kilekile kila mara na uso wa kihisi uelekee upande uleule. Mshiriki anaingiza mwenyewe, faraghani, baada ya kuonyeshwa kwa mfano wa plastiki. Wakati wa hedhi asipimwe.

Jambo moja la kwetu huku ambalo vitabu vya maabara za Ulaya havilitaji. Meston na Gorzalka, miaka ya 1990, walikuta kwamba mwanamke aliyeendesha baiskeli kwa dakika 20 aliitikia filamu ya mapenzi kwa nguvu zaidi dakika kama 15 baada ya kushuka. Kigoma ni milima, na hapa Tabora nusu ya watu watakuja kwa baiskeli. Ukimpumzisha mshiriki robo saa ukadhani ametulia, umempima palepale ambapo mazoezi yanazidisha ishara. Lipeni nauli ya bajaji kwa wote, na muwape saa nzima ya kupumzika. Kahawa na pombe pia hapana siku hiyo.

Sasa mpango wenyewe, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kimo cha mapigo ya uke hakina kipimo halisi. Zile milivolti zinategemea kikuza ishara, mkao wa kifaa, unene wa tishu, ute uliopo. Mwanamke A akiwa na milivolti 4 na B akiwa na 2, huwezi kusema A amesisimka mara mbili ya B. Huwezi hata kusema amemzidi. Kwa hiyo kulinganisha wastani wa wanawake 30 na wengine 30 ni kulinganisha miili na mikao ya kifaa. Kila mwanamke alinganishwe na nafsi yake. Mpime kabla ya sindano ya kwanza, mpime tena dawa ikiwa imekolea, tuseme wiki ya 6 hadi ya 8, kwa kuwa ile ya miligramu 150 inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kundi la kulinganishia liwe la wanawake waliochagua wenyewe kitanzi cha shaba, kisicho na homoni, wapimwe kwa nafasi ileile ya wiki. Na unachochambua ni tofauti kati ya filamu ya mapenzi na ya kawaida ndani ya ziara moja, kisha badiliko la tofauti hiyo kati ya ziara mbili.

Fundi_Gungu (Kigoma)

Shikamoo Mwalimu. Mimi niongeze umeme, halafu kifaa cha wanaume.

Mkuu Katubuka, kifaa kinachoingia mwilini kisiunganishwe kamwe na kitu kilichochomekwa ukutani bila kitenganishi cha kitabibu katikati. Kiwango cha kimataifa cha vifaa tiba, IEC 60601, kinaruhusu mkondo unaovuja kwenda kwa mgonjwa usizidi mikroampia 100 katika hali ya kawaida. Waya wa ardhi wa nyumba nyingi mjini kwetu hauaminiki, basi njia salama ni hii: laptopu na kikuza ishara viende kwa betri tupu muda wote mshiriki akiwa ameunganishwa, chaja ikiwa imechomolewa na iko nje ya chumba. Utashangaa pia jinsi uvumi wa hezi 50 unavyopungua. Skrini ya filamu iwe na betri yake ya akiba, mbali na waya wa kihisi. Umeme ukikatika katikati ya filamu, kipimo hicho kimekufa hata kama ulirudi baada ya sekunde tano. Mshtuko wa giza umeshaingia kwenye mwili. Andikeni saa, mwambieni mshiriki kwa utulivu kupitia spika ndogo, na mpange siku nyingine.

Kila asubuhi ingizeni kifaa cha uke kwenye bomba jeusi lenye kitambaa kilekile ndani na muandike namba inayosomeka. Hiyo haitawapa kipimo halisi, lakini LED ikianza kufifia mtaiona kabla haijaharibu mwezi mzima wa kazi.

Kwa wanaume kinachotumika zaidi ni pete ya mpira wa silikoni, mrija mwembamba wenye metali ya kimiminika ndani. Uume ukijaa, mrija unavutika, uzi wa metali unakuwa mrefu na mwembamba, ukinzani wa umeme unaongezeka. Bancroft na wenzake walieleza pete ya zebaki mwaka 1966. Kabla ya hapo Kurt Freund, kule Czechoslovakia, alikuwa akitumia chupa ya kioo iliyozibwa na kupima hewa inayosukumwa nje. Ya Freund inashika hata mwitikio mdogo sana, ila ni kazi ngumu kuivalisha. Kwenu chukueni pete, na iwe ya mchanganyiko wa indiamu na galiamu badala ya zebaki. Pete hizi hupasuka, na zebaki kwenye chumba kidogo kilichofungwa madirisha ni hatari isiyo ya lazima.

Ukinzani wenyewe ni mdogo mno, na mabadiliko yake mita ya kawaida ya fundi haitayaona vizuri, kwa hiyo lazima upite kwenye daraja la Wheatstone (sakiti ya kupima tofauti ndogo za ukinzani) kisha kikuza ishara. Mara 10 kwa sekunde inatosha, mzingo haubadiliki haraka. Pete inakaa katikati ya uume, na mzingo wake uwe mdogo kidogo kuliko wa uume uliolala. Ikilegea itateleza, ikibana sana itazuia.

Kalibresheni kabla na baada ya kila mshiriki: koni ya ngazi yenye hatua za milimita 5, panda ngazi zote, shuka zote. Mstari wa kupanda na wa kushuka usipolingana, mpira umechoka. Tupa. Silikoni inazeeka hata ikiwa kwenye boksi, na joto letu linaiharakisha.

Kuna kitu kinachowachanganya wageni wa kazi hii. Mwanzoni kabisa mwa mwitikio, mzingo unaweza kupungua badala ya kuongezeka, kwa sababu uume unarefuka kabla haujanenepa. Anayeangalia skrini anasema mtu huyu amechukizwa na filamu. Hapana, ndiyo kwanza anaanza. Kingine: maabara nyingi hazitafsiri rekodi ya mtu ambaye mzingo wake haukuongezeka hata milimita 3 kwa filamu yoyote. Kwa wanaume wenye kisukari hilo ni tatizo kubwa, kwani mishipa na neva zao ndizo mnazotaka kuzipima. Mkiwatoa wote wasiofika milimita 3, mmewatoa wagonjwa mkabaki na wazima. Andikeni tangu mwanzo kwamba kutofika ni matokeo, si kasoro. Na msigeuze namba zao kuwa alama sanifu (umbali wa kila kipimo kutoka wastani wa mtu mwenyewe), kwa sababu hesabu ile hukuza mtetemo wa milimita moja ukafanana na mwitikio kamili.

Nesi_Ipuli (Tabora)

Mmesema vizuri kuhusu mashine. Mimi narudi kwenye neno lililoanzisha yote: hamu.

Hao akina mama hawalalamiki kwamba damu haijai. Wanalalamika kwamba hawataki. Ni mambo mawili, na kwa wanawake umbali kati yake ni mkubwa. Chivers na wenzake walikusanya mwaka 2010 tafiti 132 zilizochapishwa kati ya 1969 na 2007, wanawake 2,505 na wanaume 1,918, wakaangalia kama kile mtu anachosema anahisi kinakwenda sambamba na kile kifaa kinachoonyesha. Kwa wanaume uwiano ulikuwa 0.66 (1 ni kwenda sambamba kabisa, 0 ni kutohusiana). Kwa wanawake 0.26. Maana yake kifaa kinaweza kuonyesha mwitikio mzuri kabisa kwa mama ambaye hana hamu hata chembe, na matokeo yenu yakasomwa "sindano haina shida, wanajisingizia". Naliogopa sana hilo. Maelezo mojawapo yanayotolewa ni kwamba uke hujiandaa kwa kila dalili ya tendo, itakiwe isitakiwe, ili kujikinga na michubuko. Kwa hiyo damu kujaa si kutaka, na hakika si ridhaa. Liandikeni hilo kwenye karatasi ya maelezo ya mshiriki kwa Kiswahili chepesi, kwa sababu wapo waliowahi kulazimishwa wakaona mwili wao ulijibu, na wamebeba aibu isiyo yao.

Kipimo kikuu cha utafiti wenu kiwe dodoso. Lile la FSFI, la kupima utendaji wa kingono wa wanawake, lina maswali 19, linatenganisha hamu, msisimko, ute, kufika kileleni, kuridhika na maumivu. Jumla ya 26.55 kushuka chini hutumika kama mpaka wa kushuku tatizo, ila mpaka huo haukutengenezwa kwa wanawake wa Kigoma, kwa hiyo angalieni mabadiliko ya mtu, si mpaka. Mtafsiri vizuri, mtu mwingine airudishe tafsiri kwenye lugha ya awali mlinganishe, na mjaribu maneno na akina mama wenyewe. "Hamu", "ashiki", "nyege" hayana uzito mmoja, na kuna anayeona aibu kusema la tatu lakini ndilo pekee analolielewa sawasawa. Kifaa kiwe cha kujibu swali la pili: je, mwili nao umebadilika?

Usafi sasa. Kifaa kikitoka, hapohapo kinaoshwa kwa sabuni ya kimeng'enya na maji, kabla ute haujakauka. Kisuuze, kikaushe, ukiangalie kwa taa na lenzi: ufa mmoja kwenye plastiki, kifaa kimestaafu. Halafu kizame kwenye ortho-phthalaldehidi ya asilimia 0.55, dakika 12, dawa ikiwa na angalau nyuzijoto 20. Pima nguvu ya dawa kwa kijikaratasi chake kila siku ya kazi, na baada ya siku 14 imwage hata kama kijikaratasi bado kinakubali. Suuza mara tatu kwa maji mengi safi, kila mara maji mapya. Dawa ikibaki itamwasha mshiriki, na mwasho wenyewe unabadilisha mtiririko wa damu. Plagi isizame. Otoklevu, mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, itakiyeyusha kifaa. Jiki itaharibu viunganisho na kuufanya uso wa plastiki uwe na ukungu, na kihisi kikitazama kupitia ukungu namba zote zinashuka. Kwa ratiba hii kifaa kimoja hakitoshi kwa washiriki zaidi ya wawili au watatu kwa siku. Tafuteni cha pili.

Katubuka_Lab (Kigoma)

Nawashukuru mno. Mwalimu, mpango wa kulinganisha wastani wa makundi mawili tunaufuta. Nesi, dodoso linakuwa mbele. Mambo mawili yamebaki. Filamu zenyewe: ndefu kiasi gani, zichaguliwe vipi, na je, sheria yetu inaruhusu? Na kuna mwenzetu anasema tuachane na kifaa cha ndani kabisa tutumie kamera ya joto, haigusi mtu.

Reli_ya_Kati (Tabora)

Kuhusu sheria, msijidanganye. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kuchapisha ponografia kwa mfumo wa kompyuta, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 175, inagusa vitu vya aibu kwa ujumla. Kabla ya kutafuta filamu hata moja, pelekeni swali kwa maandishi kwa mwanasheria wa taasisi yenu, na jibu lake liambatane na maombi ya kibali cha maadili NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Kama kuna mtafiti wa nje, ataomba pia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Filamu isitumwe kwa WhatsApp, isiwekwe kwenye wingu la intaneti, isikae kwenye laptopu inayotoka chumbani.

Na mwanasheria akisema hapana, ni hapana. Hapo utafiti haufi. Kichocheo kinaweza kuwa dakika tatu za mshiriki kufikiria mwenyewe, bila picha wala maandishi ya mtu yeyote. Mwitikio ni dhaifu kuliko wa filamu, na mtahitaji washiriki wengi zaidi, lakini hamna cha kukamatwa nacho.

Taarifa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu moja kwa moja. Mshiriki awe namba. Orodha inayounganisha namba na jina ikae kwa mtu mmoja, kwenye karatasi, kwenye kabati lenye ufunguo. Msiulize mtu anavutiwa na jinsia gani kama swali lenu halihitaji. Katika nchi yetu jibu hilo likivuja linaweza kumpeleka mtu polisi. Ujumbe wa simu wa kumkumbusha miadi usitaje utafiti ni wa nini, maana simu ya mke husomwa na wengi. Ubao wa mlangoni hivyohivyo. Kigoma mjini watu wanajuana.

Anayechoma sindano asiwe ndiye anayewaomba akina mama washiriki, kwani wataona kukataa ni kukosa huduma. Kwa sababu hiyohiyo ningewaacha kabisa wakimbizi wa kambi za Kigoma. Mtu anayepokea mgao hawezi kukataa kwa uhuru.

Niseme na hili, kwa sababu vifaa hivi vina historia chafu. Canada, miaka ya 1960, serikali ilifadhili mashine ya kupima mboni za macho za watumishi wa umma wakionyeshwa picha, ili kuwabaini mashoga na kuwafukuza. Haikufanya kazi: mboni hubadilika kwa mwanga wa picha kuliko kwa kinachoonyeshwa ndani yake, na picha zao hazikusawazishwa mwanga. Jamhuri ya Czech ilifikia kuwavisha waomba hifadhi pete ile ya uume wathibitishe wanachodai. Tarehe 2 Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema vipimo vya aina hiyo vinavunja utu na haviwezi kuwa ushahidi. Wekeni sentensi kwenye itifaki: rekodi hizi haziwezi kutumika kumwamulia mtu binafsi jambo lolote, na hazitatolewa kwa mume, mwajiri wala polisi.

Mwalimu_Cheyo (Tabora)

Marahaba Fundi, nilikusahau juu.

Filamu. Mkiruhusiwa, dakika 3 hadi 5 kila kipande. Damu huanza kupanda ndani ya nusu dakika au zaidi kidogo, na mnataka muda wa kutosha wa kilele. Kipande cha kawaida kiwe na watu wanaotembea na kuongea, mwendo na sauti vikaribiane na vya filamu ya mapenzi. Abiria wanashuka stesheni, watu wanajenga nyumba. Ziwa msitumie: mke wa mvuvi akiona mawimbi ya Tanganyika usiku hatatulia. Ongezeni na kipande kimoja cha kusisimua kisicho cha mapenzi, mfano mechi ya mpira, ili muone kama kifaa kinajibu mapenzi au kinajibu msisimko wowote.

Kila ziara iwe na filamu mpya. Mwili huzoea, na filamu ileile ikirudiwa wiki ya 8 itashuka yenyewe, nanyi mtailaumu sindano. Kwa hiyo tengenezeni seti mbili zinazolingana, nusu ya wanawake waanze na ya kwanza, nusu na ya pili. Kati ya kipande na kipande, mpe kazi ya kuhesabu kurudi nyuma kwa saba kutoka 500 hadi kimo cha mapigo kirudi karibu na cha mwanzo. Ikichukua dakika tano, subirini tano.

Wachaguzi wa filamu wawe wanawake wa rika la washiriki, wakiipa kila filamu alama. Laan na wenzake, mwaka 1994, walilinganisha filamu zilizotengenezwa na wanawake na zile za wanaume: mwili uliitikia sawa, lakini wanawake walisema walisisimka zaidi na hawakukereka sana kwa zile za wanawake. Mkichagua kwa kuangalia kifaa pekee, mtachagua filamu inayowakera watu.

Kamera ya joto ni nzuri kweli, na ina faida ambayo kifaa cha ndani hakina: nyuzijoto ni nyuzijoto, unaweza kulinganisha mtu na mtu, hata mwanamke na mwanaume. Kukkonen na wenzake waliionyesha mwaka 2007, kilele kikifika wastani wa dakika kama 11 kwa wanaume na 12 kwa wanawake. Ona muda huo. Filamu itabidi iwe ya dakika 15, na ngozi ikishapata joto haipoi upesi, kwa hiyo ziara moja filamu moja ya mapenzi. Halafu kuna chumba. Mnahitaji kama nyuzi 22, zisizoyumba hata nyuzi moja, bila feni inayopuliza, mshiriki akiwa amekaa humo robo saa bila nguo za chini kabla ya kuanza. Mwitikio wenyewe ni nyuzi moja, pengine mbili. Oktoba kiyoyozi kikizimika kwa dakika sita, chumba kimepanda kuliko mwitikio na ngozi imeshapata joto bila filamu. Elekezeni kamera ipime na paja la ndani wakati huohuo. Paja likipanda sambamba, ni chumba. Kama mnaitaka kamera, fanyeni Juni na Julai, asubuhi.

Na "haigusi mtu" isiwafanye mdhani ni rahisi kwa mshiriki. Kifaa cha ndani anakiweka mwenyewe, anajifunika shuka, hakuna anayemwona. Kamera inamtaka akae wazi mbele ya lenzi. Waulizeni akina mama wa Katubuka lipi wanalivumilia kabla ya kuwaamulia.

Nesi_Ipuli (Tabora)

Naunga mkono hilo la kuwauliza. Nyongeza mbili fupi. Mlango ufungwe kwa ndani, na mshiriki awe na kitufe cha kuzima filamu mkononi. Akizima, analipwa nauli na muda wake kamili bila kuulizwa sababu. Na wahudumu wote wa siku hiyo wawe wanawake.

Katubuka_Lab (Kigoma)

Tumekaa kikao. Rasimu mpya: wanawake wanaojichagulia sindano na wanaojichagulia kitanzi cha shaba, ziara mbili, ya kwanza kabla ya kuanza njia, ya pili wiki ya 7. FSFI kwanza, kwa karatasi. Saa moja ya kupumzika, dakika 15 za kifaa kutulia, filamu tatu, kuhesabu katikati. Mwanasheria anapelekewa barua Jumatatu, na toleo la kufikiria bila filamu tumeliandika kama mpango wa pili. Swali la mwisho: ziara ya pili ikiangukia siku za kutokwa damu kidogokidogo, kama wengi wa sindano wanavyopata?

Nesi_Ipuli (Tabora)

Sogezeni, msipime. Damu ikiwa mbele ya kihisi inazuia mwanga. Acheni dirisha la wiki ya 6 hadi ya 9, mpigieni siku mbili kabla kumuuliza, na siku mliyompima iandikwe kama namba ya siku tangu sindano, iingie kwenye hesabu. Wale wa kitanzi nao huenda wakapata hedhi nzito miezi ya mwanzo, kwa hiyo kanuni ni hiyohiyo kwao. Ambaye hakupata siku kavu ndani ya dirisha, dodoso lake lichukuliwe na kipimo kiachwe wazi kwenye jedwali, pamoja na sababu.